Maswali ya Wasomaji: Harufu ya Viungo katika Mafuta, Mvuke na Pombe

Katika toleo lililopita tuliandika juu ya pilipili za chupa zinazotengenezwa majumbani hapa Goma, na barua nyingi zilizotufikia baada ya hapo zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: harufu iliyomo katika majani, maganda na mizizi ya jikoni inatolewaje, na ikishatoka inahifadhiwa katika nini. Tumechagua barua nne. Ya kwanza imepewa jibu refu kuliko nyingine kwa sababu inagusa uhai wa wanaonunua.

Mafuta ya pilipili na kitunguu saumu

*Mheshimiwa mhariri, salamu nyingi. Ninauza mboga na fretini katika soko la Virunga, na kando ya biashara hiyo ninatengeneza mafuta ya pilipili. Ninaponda kitunguu saumu kibichi pamoja na pilipili mbichi, ninavitia ndani ya chupa, ninamimina mafuta ya kupikia hadi mdomoni, kisha ninafunga na kuweka kabatini. Wateja wanarudi, ila baadhi yao wanalalamika kwamba ukali umezidi na harufu ni hafifu. Nifanye nini ili harufu iingie vizuri, na chupa inaweza kukaa muda gani? Frigo sina, na umeme kwetu huja na kuondoka. — Mama wa Majengo, Goma*

Mama, pole na kazi. Swali uliloliweka mwisho ndilo ninalolazimika kulijibu kwanza. Chupa zenye kitunguu saumu kibichi ndani ya mafuta, zilizofungwa na kukaa katika joto la kawaida la nyumba, tafadhali usiziuze tena, na zile zilizobaki usizionje hata kama zinanukia vizuri. Kitunguu saumu hukua ndani ya udongo, na udongo hubeba spora za bakteria iitwayo Clostridium botulinum, ambazo zikipata mahali pasipo hewa, penye unyevu, pasipo uchachu wa kutosha na pasipo baridi, huamka, huzaana na kutoa sumu iliyo miongoni mwa sumu kali kuliko zote zinazojulikana. Mafuta yako yanaizuia hewa, kitunguu kibichi kinaleta unyevu, uchachu haumo, na frigo huna; kwa hiyo hakuna sharti hata moja linalokosekana. Mwaka 1985, mjini Vancouver huko Canada, watu 36 waliugua kwa kula kitunguu saumu kilichohifadhiwa ndani ya mafuta bila kuwekwa kwenye baridi, na mwaka 1989 watu watatu wakapatwa na balaa hilo hilo katika jimbo la New York, ndipo serikali ya Marekani ilipowalazimisha watengenezaji wa bidhaa hiyo kuitia asidi. Sumu hiyo haibadilishi rangi, harufu wala ladha ya chakula. Mtu aliyeila huanza kuona vitu viwili viwili, kope zikalegea, ulimi ukawa mzito, kumeza kukamshinda, na udhaifu ukashuka mwilini hadi kufika kwenye misuli ya kupumua. Mgonjwa wa namna hiyo apelekwe hospitali mara moja, na daktari aambiwe alichokula.

Najua kuna watakaokushauri uichemshe chupa nzima ndani ya sufuria ya maji. Ushauri huo haufai popote, na kwetu haufai zaidi. Uso wa Ziwa Kivu uko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na mji wetu uko juu yake kidogo, kwa hiyo maji yetu huanza kuchemka yakifika nyuzi joto 95 hivi, wakati huko pwani huchemka kwa 100. Spora ninazozitaja hustahimili hata hizo 100. Viwanda vya vyakula vya makopo huziua kwa nyuzi 121, ndani ya mitambo yenye shinikizo, na sufuria iliyo juu ya mbabula, yaani jiko la makaa, haiwezi kufika huko hata ukiiongezea makala usiku kucha.

Sasa tuje kwenye harufu. Wateja wako wanasema kweli, na sababu yake ni hii: ukali wa pilipili unatokana na kapsaisini, ambayo haipai hewani na huyeyuka vizuri katika mafuta, kwa hiyo mafuta huichukua karibu yote; harufu ya pilipili, kwa upande wake, ni mkusanyiko wa kemikali nyepesi ambazo huanza kupotea tangu unapoipasua. Zaidi ya hayo, pilipili mbichi imejaa maji, na mafuta hayapenyi kwa urahisi ndani ya kitu kilicholowa. Ukitaka harufu isikike, punguza kwanza ukali. Ipasue pilipili kwa urefu, uondoe ule utando mweupe unaoshikilia mbegu, kwa maana humo ndimo kapsaisini inamotengenezwa. Mbegu zenyewe huwasha kwa sababu tu zimegusana na utando. Kisha anika nyama yake iliyobaki, ukiifunika kwa chandarua safi, kwani vumbi letu jeusi la volkano likishaingia katika pilipili halitoki tena. Iache ikauke hadi ikunjwapo ivunjike kwa mlio. Ikikunjika bila kuvunjika, irudishe juani.

Pilipili kavu hiyo iponde kidogo, isiwe unga, uitie ndani ya bakuli la chuma pamoja na mafuta, na bakuli hilo ulikalishe juu ya sufuria ya maji yanayochemka kwa muda wa saa moja, ukikoroga mara kwa mara na kuangalia mvuke usidondoke ndani. Hapa ule upungufu wa joto wa mji wetu unageuka kuwa msaada, kwa sababu maji yaliyo chini hayavuki nyuzi 95, na mafuta yaliyo juu yake hayataungua wala kuibabua pilipili. Ukiweka bakuli moja kwa moja juu ya makala, dakika mbili tu za kutoangalia zinatosha kuyafanya mafuta yawe machungu. Unaweza kuongeza kipande cha mdalasini, karafuu mbili au tatu, au pilipili manga iliyopondwa, mradi kila kitu kiwe kikavu kabisa. Chuja yakiwa bado na uvuguvugu, tia katika chupa iliyokauka, na usiiweke dirishani. Kwa maoni yangu, tengeneza ya kuuzwa ndani ya mwezi mmoja, kwa maana hata mafuta yasiyo na hatari yoyote huchacha na kunuka vibaya.

Mafuta ya mawese sikukatazi, lakini ujue kwamba yana harufu yake yenye nguvu ambayo huzifunika nyingine, na katika asubuhi zetu za baridi huganda chupani hadi mteja adhani umemchanganyia kitu. Mafuta ya alizeti hayana matata hayo.

Kitunguu saumu kibichi kihamishie kwenye siki. Harufu yake haimo ndani ya punje nzima. Huzaliwa pale unapoiponda, wakati kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa kinapokutana na kemikali iitwayo aliini na kuigeuza kuwa alisini. Siki huzuia mgeuko huo, kwa hiyo ponda kwanza, uache kinukie kwa dakika kumi, ndipo utie siki ya dukani yenye asidi ya asilimia 5 au zaidi, kwa kiasi kisichopungua nusu ya mchanganyiko wote, pamoja na pilipili na chumvi. Hapo utakuwa na bidhaa mbili: mafuta ya pilipili kavu, na pilipili ya siki yenye saumu. Wateja wa sambaza za kukaanga, nadhani, watapenda hiyo ya pili zaidi.

Tangawizi inayochemka muda mrefu

*Kwa nini chai ya tangawizi ikichemshwa sana inawasha zaidi lakini hainukii? — Msomaji wa Himbi, Goma*

Kwa sababu kinachowasha na kinachonukia ni vitu viwili tofauti. Kinachowasha ni jinjeroli, ambayo haipai na mvuke. Moto mrefu huendelea kuitoa katika mzizi na kugeuza sehemu yake kuwa shogaoli, ambayo ni kali zaidi. Kinachonukia ni mafuta mepesi, nayo ndiyo hayo unayoyasikia jikoni kote wakati chai inachemka. Ukiyasikia jikoni, ujue hayamo tena kikombeni. Gawa tangawizi yako mafungu mawili: moja lichemke tangu mwanzo, la pili likwaruzwe na kutiwa wakati sufuria imeshaipuliwa, kisha ufunike kwa dakika tano.

Mafuta ya mchaichai kwa njia ya mvuke

*Mimi ni mwanafunzi wa kemia. Ninataka kutumia sufuria kubwa, bomba na ndoo ya maji baridi ili nitoe mafuta ya mchaichai na ya karafuu, niyauzie watengenezaji wa sabuni na wapishi. Je, inawezekana bila mtambo wa gharama? Na viwanda vikubwa vinatumia njia gani? — Msomaji wa Katindo, Goma*

Ndugu mwanafunzi, inawezekana, na chombo chenyewe hakina siri. Wapikaji wa kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, katika vijiji vyetu wanakijua kuliko mimi. Kinachostahili kuelezwa ni kwa nini kinafanya kazi. Sitrali, inayoupa mchaichai harufu ya limau, ikiwa peke yake huchemka kwa nyuzi zipatazo 229, na eujenoli ya karafuu kwa 254, joto ambalo lingeyaunguza majani kabla hujapata tone. Lakini mafuta hayo na maji haviyeyukani, na kila kimoja hutoa mvuke wake kana kwamba mwenzake hayupo. Shinikizo la mivuke hiyo miwili likijumlishwa likafikia lile la hewa ya nje, vyote viwili huondoka pamoja, katika joto lililo chini kidogo ya lile ambalo maji peke yake yangechemka. Kwetu hapa, basi, harufu ya karafuu itapanda bombani kabla ya nyuzi 95.

Majani ya mchaichai yakate vipande, yaache yanyauke kivulini kwa nusu siku, uyaweke juu ya wavu ulio ndani ya sufuria ili yapitiwe na mvuke bila kulowa katika maji, na mfuniko uuzibe kwa donge la unga. Bomba liwe la shaba nyekundu au la chuma kisichoshika kutu. Usitumie la plastiki, kwa sababu mafuta haya huyeyusha plastiki nyingi, na utakachokusanya kitakuwa mchanganyiko usiofaa kuliwa. Maji ya ndoo yabadilishwe yanapopata joto, la sivyo utaona mvuke ukitoka bombani na harufu ikienda kwa majirani. Kazi hii ifanyike nje, kwani makala hutoa hewa yenye sumu ndani ya chumba kilichofungwa. Matone yakusanywe katika chupa nyembamba ya kioo: mafuta ya mchaichai yataelea juu ya maji, ya karafuu yatazama chini, na anayetoa karafuu kwa mara ya kwanza asije akayamwaga mafuta akidhani ni mashapo. Maji yanayobaki yana harufu nzuri na yanafaa kwa sabuni.

Linalonitia shaka ni hesabu. Mchaichai mbichi hutoa mafuta ya chini ya asilimia moja, mara nyingi kati ya asilimia 0.2 na 0.5, maana yake, kilo kumi za majani zitakupa gramu 20 hadi 50. Makala ya Goma ni ghali, na mengi ya makala hayo hutoka katika misitu ya Mbuga ya Virunga, ambayo haihitaji mteja mwingine. Karafuu ina neema zaidi, kwani matumba yake yaliyokauka hufikia asilimia 15 na kuendelea, ila karafuu huku kwetu hununuliwa kwa kijiko. Tazama wanachofanya Pemba: huko Wawi, karibu na Chake Chake, kuna kiwanda kinachotoa mafuta kutoka katika makonyo, yaani vile vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, ambavyo vingebaki takataka. Wewe nawe anza na takataka. Kwa wauzaji wa juisi mjini kuna marundo ya maganda ya machungwa, na mafuta yake hayahitaji hata moto, kwa kuwa yamo ndani ya vifuko vidogo vilivyo kwenye ngozi ya nje. Likunje ganda mbele ya mshumaa nawe utaona cheche zikirukia mwali. Zaidi ya asilimia 90 ya mafuta hayo ni limonini. Yanatolewa kwa kukwaruza ngozi ya nje na kuikamua, kisha kuacha maji na mafuta vitengane, na mtengenezaji wa sabuni atayapokea kwa furaha.

Kuhusu wapishi, nakuomba uwe mwangalifu. Mafuta haya ni makali mno, tone moja la karafuu linaweza kuharibu sufuria nzima ya pilau, na akinywa mtoto kijiko kimoja ni dharura ya hospitali. Wauzie watu wa sabuni.

Njia za viwanda ni kadhaa, kwa sababu mvuke hubeba vile vinavyopaa tu. Kwinini ya maganda ya msinchona, ambayo Bukavu imeizoea kupitia kiwanda cha Pharmakina, haipandi na mvuke, na vivyo hivyo kapsaisini ya pilipili na piperini ya pilipili manga; vitu vya namna hiyo hutolewa kwa viyeyushi, ambavyo baadaye huondolewa. Kwa viungo vya chakula, kiyeyushi kinachosifiwa sana siku hizi ni hewa ya kaboni dioksidi, ile ile ambayo sisi watu wa Goma tunaiogopa kwa jina la mazuku inapotuama katika mabonde ya lava na kuua mbuzi na watoto, na ambayo imejaa pia katika vilindi vya Ziwa Kivu. Ikibanwa kwa shinikizo linalozidi mara sabini na kitu lile la hewa ya kawaida, na ikawa juu ya nyuzi 31, hukaa katika hali isiyo ya hewa wala ya kimiminiko, hupenya ndani ya unga wa kiungo kama hewa na kuyeyusha mafuta kama kimiminiko. Shinikizo likilegezwa, huruka yote na kuacha harufu ambayo haikuguswa na moto mkali. Mtambo wake si wa kujengewa uani, na chuma kilichoungwa vibaya kitakulipukia. Usome vitabuni, usijaribu nyumbani.

Vanila na pombe ya duka la dawa

*Ninaoka keki za harusi. Vanila ya chupa ya dukani ni ya bandia, nami ninapata maganda ya vanila kutoka upande wa Beni. Nimeambiwa niyaloweke katika alkoli. Je, ile ya duka la dawa ya digrii 90 inafaa? Au kanyanga? Na wateja wangu wa kanisani wasiokunywa pombe niwafanyie nini? — Mama mwokaji, Goma*

Mama, ya duka la dawa usiitumie. Alkoli ya kusafishia vidonda mara nyingi hutiwa vitu vya kuifanya isinyweke, na vitu hivyo havitoki kwa kuoka. Hata ingekuwa safi, digrii 90 si kipimo kizuri kwa vanila, kwa kuwa utamu wa ganda hilo umo katika vitu vingi, vingine vikiyeyuka kwenye alkoli na vingine kwenye maji, na pombe ya digrii 40 ina vyote viwili. Sheria ya Marekani inataka vanila ya chupa iwe na alkoli isiyopungua asilimia 35. Kanyanga nayo siiamini: nguvu yake hubadilika kutoka mpikaji hadi mpikaji, huwa na harufu yake nzito, na hujui ndani yake kuna methanoli kiasi gani, sumu ambayo hupofusha macho. Nunua pombe nyeupe ya dukani isiyo na harufu, yenye lebo na digrii 40.

Uhakikishe kwamba maganda yako yameivishwa sawasawa. Ganda bichi la vanila karibu halinukii, kwa sababu vanilini yake imefungamana na sukari. Huachiliwa tu pale ganda linapotumbukizwa katika maji ya moto, likafunikwa litoke jasho, kisha likakaushwa polepole kwa wiki na miezi. Lililo tayari ni la kahawia iliyokolea, linang'aa mafuta kidogo na hukunjwa kwenye kidole bila kuvunjika. Likinuka ukungu, mrudishie muuzaji. Kwa lita moja ya pombe tia gramu 100 za maganda, uyapasue kwa urefu na kuyakata vipande, ufunge chupa, uiweke gizani na kuitikisa kila unapoikumbuka kwa muda wa miezi miwili. Harufu ikikutosha, chuja, na usiyatupe maganda.

Kwa wateja wa kanisani, yakaushe maganda hayo yaliyochujwa hadi harufu ya pombe iishe kabisa, au bora zaidi tumia ganda ambalo halikuguswa na pombe, kwa maana mteja akikuuliza unapaswa kujibu bila kusita. Lisage pamoja na sukari ndani ya kinu kikavu, funga katika chombo kisichopitisha hewa kwa wiki mbili, kisha chekecha. Njia nyingine ni kulipasha ganda lililopasuliwa katika maziwa ya keki yenyewe, bila kuyachemsha, na kuyaacha yapoe yakiwa yamefunikwa, kwani mafuta ya maziwa hushika harufu vizuri. Sukari ya vanila ihesabiwe ndani ya kipimo cha sukari ya keki, isiongezwe juu yake, la sivyo keki itakuwa tamu kupita kiasi na itanywea katikati.